Kilo Nne za Risasi

1

Injinia Gervasi Luhanga alipanda juu ya sahani ya mizani akiwa amevaa suti ya mpira iliyombana tumbo, akanyoosha mikono kama mtu anayepimwa kanzu kwa fundi.

"Nipime vizuri, Bi Mize," alisema akitabasamu. "Leo nchi nzima inanitazama."

"Nitakupima vizuri, Mkurugenzi."

Na kweli alimpima vizuri. Mwili, kilo tisini na moja. Suti mpya, ambayo mpira wake ulikuwa bado umejaa vipovu na ungemvuta juu kuliko suti iliyochakaa. Mtungi uliojaa, ambao hewa yake peke yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili, na hewa hiyo ingekuwa imeshapumuliwa wakati wa kurudi. Maji ya chumvi, si ya ziwa. Mize hakuhitaji mtambo kumfanyia hesabu hiyo. Aliifanya kichwani, kama alivyozoea tangu siku ambazo wazamiaji walijipima wenyewe, na jibu lilikuwa kilo nane za risasi, yale madini mazito ya kumshusha mzamiaji. Ukiwa na hizo, koti lisilo na hewa na pumzi ya kawaida kifuani, maji yanakufika machoni. Ukitoa pumzi, unashuka taratibu. Hapo ndipo mtu anakuwa amepimwa sawasawa.

Alitia vipande vya kilo nne katika mfuko wa kushoto wa koti na vya kilo nne katika mfuko wa kulia. Kisha akageukia rafu, akachukua vipande vingine viwili vya kilo mbilimbili alivyokuwa amevifunga vitambaa visigongane, akaviteremsha ndani ya mifuko hiyo hiyo. Kwenye skrini ya ukutani palisomeka nane, kwa sababu nane ndiyo aliyoiandika.

Akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu za mifuko.

"Unajua kwa nini nimekuchagua wewe unishushe?" Luhanga aliuliza juu ya kichwa chake.

"Hapana, Mkurugenzi."

"Watu wanasema una kinyongo nami. Nataka Mkaguzi aone, na wenzako waone, kwamba yale tumeyamaliza."

"Yapi?"

"Ya ndugu yako. Yule..." Alisita. Mize alisikia jinsi alivyolitafuta jina na kulikosa.

"Shaame," alisema Mize.

"Ndiyo, Shaame. Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," Mize alijibu, akaikaza skrubu ya mwisho mpaka mkono ukamuuma.

2

Kituo cha Mwambakuu kilisimama juu ya nguzo ishirini, mwendo wa saa moja kwa boti ya kasi kutoka pwani. Chini yake, katika kina cha mita ishirini na sita, ilikuwapo bustani ya sifongo. Sifongo hizo hazikuwa za kuogea. Zilipandwa kwa mistari kama mihogo, na ute wake ulitumika kutengeneza dawa ya kuotesha ngozi ya watu walioungua moto. Kila asubuhi watunza bustani thelathini walishuka, wakapogoa, wakakusanya, wakapanda.

Zamani kazi hiyo ilitaka mtu aliyeiva. Kukaa sawa majini, bila kupanda wala kushuka, kulichukua miaka kujifunza. Ukivuta pumzi unapanda, ukiitoa unashuka, lakini si papo hapo, maji hukujibu baada ya kitambo, na asiyejua hilo huhangaika kama mlevi kwenye ngazi. Ukienda chini zaidi, suti yako inabanwa, inapoteza nguvu ya kukuinua, inabidi utie hewa kidogo kwenye koti. Ukianza kupanda, hewa ile ile inatanuka, na usipoipunguza inakurusha juu. Mzamiaji alikuwa akiongea na maji kwa kifua chake muda wote.

Kisha ikaja Mizani. Ilikuwa koti lenye pampu ndogo isiyo na sauti na mkanda unaozunguka mbavu. Mkanda uliisoma pumzi ya mtu, pampu ikatia hewa au ikatoa kabla mwenyewe hajajua kwamba anapanda au anashuka. Ukiivaa, unaning'inia majini kama picha ukutani. Mtu ambaye hajawahi kuona bahari alifundishwa asubuhi, jioni akawa mtunza bustani. Kitufe cha kujazia hewa kwa mkono kiliondolewa, kwa kuwa hakikuwa na kazi tena. Baada ya miaka tisa, pale Mwambakuu hapakuwa na aliyejua kukaa sawa kwa kifua chake isipokuwa wapimaji, na wapimaji walibaki wawili.

Luhanga wakati huo alikuwa msimamizi wa zamu. Aliona kwamba Mizani inaweza kubeba uzito wowote bila mvaaji kuhisi, basi akatoa amri kila koti liongezwe kilo nne za risasi, ili mtu asiyumbishwe na mkondo na akate sifongo nyingi zaidi. Watunza bustani walipokuwa wakizitupa hizo risasi kwa siri, akaamuru mifuko ifungwe kwa skrubu. Na walipokuwa wakipanda kabla ya zamu kwisha, akaweka kufuli ndani ya Mizani, koti likawa halimpandishi mtu mpaka chumba cha usimamizi kiruhusu.

Shaame alikuwa mdogo wake Mize, wa tumbo moja. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kuimba ndani ya barakoa ya kuzamia mpaka wenzake wakamwomba anyamaze. Asubuhi ile hakuimba. Mize, akiwa chumba cha mizani, aliangalia kifaa chake cha mkononi, ambacho kilionyesha makoti yote yaliyoko chini. Koti la kumi na tisa lilikuwa linavutana na kufuli. Kisha ukatokea mstari wa maandishi: Koti 19, zima, amri ya usimamizi. Halafu: Koti 19, washa. Washa. Washa. Washa. Halafu hapakuwa na kitu tena.

Alipokimbia kufika chumba cha usimamizi alikuta mlango umefungwa kwa ndani.

Mtambo wa kunyanyulia mizigo ulimtoa Shaame alasiri kutoka mita sabini, chini ya ukingo wa bustani. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika. Skrubu za mifuko yake zilikuwa bado zimekazwa, na juu ya kila moja palikuwa na doa la rangi ya kijani, alama ya mpimaji aliyezikaza. Kijani ilikuwa rangi ya Mize.

Mistari ile ya maandishi ilifutwa kabla jua halijazama. Kwenye uchunguzi, Luhanga aliinua mkono wa kulia akaapa kwamba hakuna mtu yeyote, mahali popote, anayeweza kuizima Mizani kutoka nje. Mzamiaji aliingiwa na hofu, alisema, akaogelea mwenyewe kupita ukingo. Ikaandikwa hivyo.

Mize hakupiga kelele wala hakuacha kazi. Kwa miaka miwili alipima watu asubuhi, na mchana alikaa na makoti mabovu yaliyoletwa kutengenezwa, akiyafungua, akiyasoma, akitafuta mlango ambao Luhanga aliapa haupo. Aliupata mwaka uliopita. Ulikuwa mdogo, na ulifunguka hata kwa kifaa cha mkononi cha mpimaji, ukisimama hatua kumi kutoka kwa mvaaji.

Watu wakasema amesamehe, maana alikuwa mtulivu mno.

3

Sitahani kulikuwa na wapiga picha, watunza bustani wote thelathini wakiwa ndani ya makoti yao, na Mkaguzi Asumpta Mbonde, mama mfupi mwenye miwani minene aliyetoka ofisi ya usalama wa kazi za baharini. Yeye ndiye aliyetakiwa kuamua kama toleo jipya la Mizani liwe sheria kwa kila kituo cha pwani. Luhanga alikuwa amemwahidi ushahidi bora kuliko karatasi, kwamba yeye mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na nne asiyejua kuzamia, angeshuka mpaka bustanini na kurudi akiwa na sifongo mkononi.

"Na wewe, binti, hukuvaa Mizani?" Mkaguzi alimuuliza Mize, akilitazama koti lake la zamani lenye mipira na vitufe.

"Wapimaji tunaruhusiwa ya mkono, mama. Mmoja wetu lazima ajue njia ya zamani."

"Kwa nini lazima, kama hii haikosei?"

Mize alimtupia Luhanga jicho. Alivaa barakoa.

Walishuka pamoja kwenye maji ya buluu. Mize alishuka kwa kutoa pumzi ndefu, akitia hewa kidogo kidogo kwenye koti kadiri maji yalivyomkaza. Luhanga alishuka kama mtu aliye ndani ya lifti, mikono kifuani, mwili umenyooka, hatikisiki. Kilo kumi na mbili zilikuwa zikimvuta naye hajui, kwa kuwa pampu ilizibeba zote.

"Ni raha, Bi Mize!" sauti yake ilisikika kwenye barakoa. Majini sauti hizo hazikwenda mbali. Waliokaribiana tu ndio waliosikiana. "Kumbe ndivyo mnavyojisikia kila siku?"

"Ndivyo, Mkurugenzi."

Bustani ilitandaza mistari yake chini yao, myekundu na ya manjano. Luhanga alikata sifongo moja kwa kisu cha kupogolea, akacheka kwa furaha. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo lilimuumiza Mize kuliko alivyotazamia. Alikuwa amejiandaa kumwona adui, si mzee anayecheka.

"Zilizo kubwa ziko mstari wa mwisho," Mize alimwambia. "Ukitaka ya kumpa Mkaguzi."

"Twende."

Mstari wa mwisho ulikuwa ukingoni. Baada yake ardhi ya bahari ilikatika, na mbele hapakuwa na kitu ila buluu iliyokuwa ikigeuka nyeusi kuelekea chini. Luhanga alining'inia juu ya buluu hiyo bila wasiwasi, mgongo kwa Mize, akinyoosha mkono kuchagua.

"Mkurugenzi," Mize aliita. "Ni hapa."

"Hapa nini?"

"Shaame."

Akabonyeza.

4

Pampu ilitoa mkoromo mfupi. Vali ikafunguka, na hewa yote ya koti la Luhanga ikatoka kwa vipovu vinene vilivyompita Mize usoni. Hakupata hata nafasi ya kugeuka. Suti iliyobanwa, mtungi uliokuwa bado mzito na kilo nne zisizokuwa na haki ya kuwapo pale vilimvuta kwa pamoja, akaanguka wima kupita ukingo, miguu kwanza.

Mize alibaki pale alipo. Alivuta pumzi, akaitoa. Moja.

"Bi Mize! Imekufa! Hii kitu imekufa!"

Mbili. Tatu. Luhanga alikuwa anapiga mapezi ya miguuni kwa nguvu zake zote, lakini alikuwa anapiga kama mtu anayepanda ngazi inayoteremka. Nne. Mikono yake ilitafuta kitufe ambacho hakikuwapo. Tano. Ilihamia mifukoni. Sita. Mize aliona vidole vyake vikikwaruza skrubu, akajua ndivyo vidole vya Shaame vilivyofanya, na ndani yake palifunguka kitu kitamu na kibaya ambacho alikuwa amekingoja siku mia saba na zaidi. Saba. Sauti ilianza kukatika kwa umbali. Nane, tisa.

"...nisaidie mama yangu... nisaidie..."

Kumi.

Hakumwita Mungu, wala hakumwita Mize. Alimwita mama yake. Mize alijiuliza Shaame alimwita nani. Mama yao alikuwa amekufa, na mtu aliyemlea Shaame, aliyemtia risasi asubuhi ile na kumgonga mgongoni akisema nenda, alikuwa yeye.

Kumi na moja.

Akaelekeza kichwa chini, akatoa hewa yote ya koti, akapiga mapezi.

Alimfikia kwenye mita arobaini na nane. Luhanga alimkamata shingo kwa mikono yote miwili. Mize alimgeuza kwa nguvu, akamshika mkanda wa mtungi kwa nyuma, akatoa bisibisi kiunoni. Skrubu za kushoto zilifunguka. Mfuko ulizama gizani na kilo zake sita. Za kulia zilikataa. Ile ya mwisho, aliyoikaza mpaka mkono ukamuuma, ilizunguka na kichwa chake kikachubuka, bisibisi ikateleza, ikateleza tena, ikamponyoka.

Sasa walikuwa wawili na koti moja.

Alibonyeza kitufe chake cha hewa na kukishikilia. Koti lilimvimba mbavuni, kuanguka kukapungua, kukasimama, halafu taratibu ukingo wa bustani ukaanza kurudi kuelekea kwao. Hapo ndipo ilipoanza hatari nyingine. Hewa aliyoitia ili kuwainua wawili ilikuwa inatanuka kila mita waliyopanda. Mize alipandisha mkono wenye mrija wa kutolea hewa, akaachia kidogo, akasikiliza mwili, akaachia tena. Akizidisha, wangeanguka. Akichelewa, wangerushwa juu kama kizibo. Alikuwa akivuta pumzi fupi na kutoa ndefu, na hakuna pampu duniani ambayo ingemfanyia hilo.

Kwenye mita kumi na tano alimwangalia Luhanga na kuona mashavu yamevimba nyuma ya kioo. Kwa hofu alikuwa ameziba pumzi. Hakutoa kiputo hata kimoja.

"Toa pumzi!" Mize alipiga kelele. "Hewa inatanuka, mapafu yatachanika! Toa!"

Luhanga alitikisa kichwa, macho yamemtoka.

Mize alikunja ngumi. Alikuwa ameiota ngumi hiyo miaka miwili, usiku na mchana, na sasa ilikuwa ndiyo dawa. Alimpiga chini ya mbavu kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Vipovu vililipuka kutoka kwenye barakoa ya Luhanga. Akampiga ya pili, ingawa ya kwanza ilikuwa imetosha.

5

Mita tano chini ya uso wa bahari Mize alisimamisha safari. Walikuwa wametoka kina kirefu kwa haraka, na miili yao ilihitaji kutulia pale kabla ya kutoka. Geji yake ilionyesha hewa ya dakika saba. Alimshika Luhanga kwa mkono mmoja, akawaweka wote wawili sawa kwa kifua chake. Juu yao kivuli cha kituo kilitikisika.

Luhanga alilia kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sikukusudia afe."

"Kwa nini alitaka kupanda?"

"Asubuhi alisema kifua kinamuuma. Lakini kila mmoja alikuwa akisema hivyo! Kila siku, kila mmoja. Alikuwa anavutana na kufuli. Nikasema nizime, niwashe, kama unavyofanya simu ikigoma. Haikuwaka." Alivuta pumzi, wakapanda kidogo, Mize akatoa yake kuwarudisha. "Ningesema ukweli, kituo kingefungwa. Watu elfu ngapi walioungua wangekosa ngozi?"

"Usiwataje hao. Hukuapa kwa ajili yao."

Luhanga aligusa mfuko uliobaki. "Ulinitia kilo ngapi?"

"Nne za ziada. Zile zile."

"Basi tuambiane, Bi Mize. Amri niliandika mimi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwa nani?"

Mize alilijua swali hilo kwa miaka miwili, lakini hakuwahi kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine, na kusikia kulikuwa kama kuvuliwa nguo.

Luhanga aliona. Sauti yake ikapata nguvu. "Nisikilize. Tukitoka nitasema pampu imekufa na wewe umeniokoa. Toleo hili litarudishwa kiwandani, sheria itangoja. Mimi nitastaafu. Wewe utapewa nishani. Lakini ukisema umenizima, ni jaribio la kuua, utaozea jela. Na mimi nikisema umenizima..."

"Ukisema nimekuzima," Mize alimmalizia, "utakuwa umesema inazimika."

"Ndiyo. Kwa hiyo tunyamaze wote. Tutatoka wazima, wewe na mimi."

Mkono wa Mize ulikuwa bado umeshika mkanda wake. Angemsukuma chini kidogo na kuuachia, suti ingebanwa tena na kilo sita zilizobaki zingemrudisha ukingoni kabla mtu hajaruka kutoka sitahani. Angeweza pia kuukubali mpango, na mpango ulikuwa mzuri. Mizani ingeaibika, Luhanga angeondoka, naye angelala nyumbani kwake. Shaame tu ndiye angebaki kama alivyoandikwa, mzamiaji mwoga aliyeogelea mwenyewe kupita ukingo.

"Dakika zimetimia," alisema Mize. "Vuta pumzi taratibu. Tunapanda."

6

Waliwapokea kwa mikono mingi. Luhanga alilala chali sitahani akikohoa, na wapiga picha wakamzunguka. Alinyoosha kidole kumwelekea Mize.

"Pampu imekufa," alisema. "Huyu dada ameniokoa."

Makofi yalilipuka. Mtunza bustani mmoja mnene, Bakiri Sudi, aliyekuwa mwenzake Shaame wa zamu, alimkumbatia Mize huku machozi yakimtoka. "Da Mize, wewe ni mtu," alimwambia. "Mimi ningemwacha."

Mize alijitoa taratibu mikononi mwake. Alienda mpaka alipo Mkaguzi Mbonde.

"Mama, pampu haikufa. Nimeizima mimi."

Makofi yakaisha moja moja.

"Umesemaje?"

"Nilimtia kilo nne zaidi ya uzito wake, nikakaza mifuko, nikampeleka ukingoni, nikamzima."

"Amechanganyikiwa," alisema Luhanga akijiinua kwa kiwiko. "Ni kina kile, kinalevya. Mizani haizimiki kutoka nje. Hilo liliapiwa."

"Bakiri," Mize aliita. "Sogea hapa. Usiogope, uko nchi kavu."

Bakiri alisogea akiwa ndani ya koti lake lililovimba. Mize aliinua kifaa chake, akamwonyesha Mkaguzi kioo, akabonyeza. Koti la Bakiri likakoroma, likatoa hewa yote kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa sitaha, likamlegea mwilini kama ngozi ya mbuzi. Mize hakutulia hapo. Alimzima na wa pili, na wa tatu. Alitembea mbele yao akibonyeza, na makoti yakanywea mfululizo, na watunza bustani wakatazamana. Walikuwa wameelewa maana yake bila kuelezwa. Kila mmoja alikuwa akihesabu asubuhi alizoshuka.

Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma alilivua koti lake akalitupa baharini. Hakuna aliyemkemea.

Mkaguzi Mbonde alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Injinia Luhanga, kwenye uchunguzi wa kifo cha Shaame Khatibu uliapa nini?"

Luhanga aliwatazama wapiga picha, akaangalia mfuko wa kulia wa koti lake, ambao ulikuwa bado umefungwa. Aliufunika kwa kiganja.

7

Mchana ule ule, katika chumba kidogo cha ofisi, Mkaguzi aliandika maelezo ya Mize kwa mkono. Polisi wa pwani walikuwa njiani. Kwenye chumba cha pili, Luhanga alikuwa anamngoja wakili wake, na kupitia ukuta wa mbao walimsikia akitembea huku na huku.

"Nimeandika hivi," alisema Mkaguzi. "'Baada ya kumwona anazama, nilimfuata mara moja.'"

"Si mara moja, mama. Nilivuta pumzi kumi na moja kwanza. Andika hivyo."

"Binti yangu, hizo pumzi zitakuongezea miaka."

"Najua."

"Hakuna aliyekuwapo. Hakuna anayeweza kuzihesabu."

"Nilizihesabu mimi. Na skrubu za Shaame nilizikaza mimi, bila kuuliza kwa nini mtu afungiwe uzito asioweza kuutupa. Niliogopa kufukuzwa kazi. Ukiandika ya Luhanga bila hiyo, utakuwa umeandika kama walivyoandika wao."

Mkaguzi aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi muda mrefu. Nje, kupitia dirishani, watunza bustani walikuwa wamekaa kwa makundi bila makoti yao, na Bakiri alikuwa ameingia kwenye maji ya ngazi ya kituo na mkanda wa risasi kiunoni, anavuta pumzi, anatoa, anajaribu kuona maji yatamfika wapi. Yalimpita kichwa. Aliibuka akitema chumvi, akavua kipande kimoja, akajaribu tena.

"Unajuta?" Mkaguzi aliuliza bila kuinua macho.

"Skrubu, najuta. Yeye, hapana."

"Swali la mwisho, na hili siliandiki. Ukirudishwa pale ukingoni leo, ungefanya nini?"

"Ningemzima tena."

Kalamu ilisimama. Nyuma ya ukuta wa mbao hatua za Luhanga nazo zilikuwa zimesimama.

"Na kumfuata?"

Mize alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila asubuhi kabla ya kumtamkia mtu uzito wake.

"Ningemfuata," alisema. "Ila sijui ningehesabu mpaka ngapi."